Maswali ya Wasomaji: JPEG, TIFF au PDF? Mafaili ya vyeti, picha za zamani na hati

Barua za karibuni zinarudia jambo moja. Mtu ameskani, ameangalia kwenye kioo na kila kitu kipo sawa, tatizo likaja kujitokeza baadaye: faili linakataliwa na mfumo, linachapishwa likiwa na ukungu, au tarakimu hazisomeki. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nina stesheneri karibu na chuo. Wateja wanaleta vyeti vya shule, vya kuzaliwa na barua za serikali ya mtaa. Mmoja anataka JPEG, mwingine PDF, na kijana mmoja ananiambia PNG ndiyo bora kuliko zote. Niweke ipi iwe ya kawaida dukani? — Msomaji, Mwanza

PDF haishindani na JPEG. PDF ni bahasha. Ukurasa ulioskaniwa umo ndani yake kama picha, na mara nyingi picha hiyo ni JPEG ileile. Kwa hiyo PDF mbili za cheti kimoja zinaweza kupishana sana kwa ubora, na jina la faili lisikuambie lolote.

Kabla hujafika kwenye muundo wa faili kuna mambo mawili yenye uzito zaidi: dpi, yaani idadi ya nukta katika kila inchi, na hali ya rangi. A4 ikiskaniwa kwa dpi 300 inatoa pikseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili kila pikseli inachukua baiti tatu, hivyo ukurasa mmoja ambao haujabanwa ni MB 26. Kwa kijivu ni MB 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, ambako kila pikseli ni biti moja, ni MB 1.1.

Cheti kiskani kwa rangi. Ukiweka nyeusi na nyeupe, skana inalazimika kuamua kila nukta kuwa wino au karatasi, hakuna katikati. Muhuri wa bluu uliokanyagwa kidogo unatoweka, sahihi inakatikakatika, na nembo iliyofifia nyuma ya maandishi inageuka doa jeusi linalomeza jina la mwanafunzi.

JPEG, kiwango cha mwaka 1992, ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Inaigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha inatupa mabadiliko madogo ndani ya kila kimoja ambayo jicho haliyatambui kirahisi. Kwenye uso wa mtu huoni kilichopotea. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, ambako mwanga unaruka ghafla, inaacha vumbi la kijivu pembeni ya herufi. Tena programu nyingi hutunza mwanga kwa vipimo kamili lakini rangi kwa nusu ya vipimo, kwa upana na kwa urefu. Ndiyo maana maandishi madogo ndani ya muhuri mwekundu huvurugika mapema kuliko maandishi meusi. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inakuruhusu kulizuia hilo: wakati wa kuhifadhi JPEG, kwenye "Subsampling" chagua 4:4:4.

Kijana wa PNG ana hoja, maana PNG haipotezi pikseli hata moja. Lakini karatasi halisi ina chembechembe za mwanga na kivuli, na PNG inalazimika kuzitunza zote; ukurasa wa rangi wa dpi 300 unaweza kufika MB 10 hadi 20. PNG ifaa kwa picha ya kioo cha simu, nembo na michoro yenye rangi chache.

Basi dukani weka hivi: vyeti na barua zenye muhuri, dpi 300, rangi, PDF, ubora wa JPEG wa ndani uwe 85 hivi kama programu yako inakupa nafasi ya kuchagua. Ukurasa utatoka kati ya KB 600 na MB 1.5. Notsi na ripoti zilizochapwa bila muhuri, dpi 300 nyeusi na nyeupe, mbano wa Group 4, ule uliotengenezwa kwa ajili ya faksi. Haupotezi kitu, ukurasa mara nyingi hauzidi KB 100, na kingo za herufi hubaki kali. Risiti za EFD usizitie kwenye kundi hili. Karatasi yake hupata weusi kwa joto, na maandishi yake hufifia; ziskani mapema, kwa kijivu, ili hata maandishi yaliyopauka yabaki na kivuli chake.

Usipandishe dpi hadi 600 kwa nia ya kumfadhili mteja. Pikseli zinakuwa mara nne, faili linavimba, na mfumo atakaopakia utalikataa.

Na ambalo hukuuliza: mwisho wa siku futa mafaili ya wateja kwenye kompyuta ya duka. Vyeti vya watu havipaswi kukaa kwenye "Desktop" ambayo kila mwenye flashi anaipitia.

Shikamooni wahariri. Mfumo wa maombi ya kazi unataka picha ya pasipoti isiyozidi KB 100 na cheti cha PDF kisichozidi KB 300. Cheti changu ni MB 4. Nikikibana kwenye tovuti za bure maandishi yanafifia. Nifanyeje? — Msomaji, Dodoma

Marahaba. Tovuti hizo zinabana bila kujua kilichomo ni cheti au ni picha ya mandhari. Wewe unajua, kwa hiyo fanya mwenyewe, na kila jaribio lianzie kwenye faili la MB 4. Ukiendelea kubana lile ulilokwisha kulibana, kila uhifadhi wa JPEG unaongeza hasara juu ya hasara.

Mpangilio una maana hapa. Kata kwanza kingo tupu zinazozunguka cheti. Kisha punguza pikseli: A4 kwa dpi 150 ni pikseli 1240 kwa 1754, robo ya zile za dpi 300, na maandishi ya ukubwa wa 10 na kuendelea bado yanasomeka vizuri. Kama tangazo halikudai rangi, geuza kijivu. Ubora wa JPEG uguse mwisho kabisa. Anza na 75, shuka polepole hadi 60. Chini ya 50 lile vumbi la herufi linaonekana kwa macho. Watu wengi huanza na hatua hii ya mwisho, wakaiacha picha na pikseli milioni nane zilizobanwa kupita kiasi, na huo ndio ukungu unaouona.

Kama unatumia Windows, IrfanView ni bure kwa matumizi binafsi na inamaliza kazi yote: chora mstatili kwa kipanya kisha Ctrl+Y kukata, Ctrl+R kubadili vipimo, Ctrl+G kugeuza kijivu, S kuhifadhi na kuchagua ubora. Kuitoa picha ndani ya PDF tumia pdfimages, programu ndogo inayoendeshwa kwa kuandika amri:

pdfimages -all cheti.pdf ukurasa

Kuirudisha ndani ya PDF tumia img2pdf, ambayo huiingiza JPEG kama ilivyo bila kuibana upya. Kama hatua hizi ni nyingi, Ghostscript inashusha picha zote za PDF hadi dpi 150 kwa amri moja:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf cheti.pdf

Usitumie /screen badala ya /ebook. Inashusha hadi dpi 72, na hapo alama za masomo hazisomeki.

Lenga KB 280, usilenge 300. Mifumo mingine huhesabu KB moja kuwa baiti 1000, mingine 1024, na faili lililo ukingoni hukataliwa bila maelezo. Lipe faili jina fupi lisilo na nafasi wala ritifaa, kwa kuwa jina lenye hivyo nalo huweza kukataliwa.

Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu ili ichapike kwa dpi 300. Ikiwa na vipimo hivyo na ubora wa 85, kwa kawaida itakaa chini ya KB 100 bila kushindana nayo.

Tovuti za bure tungependa uziache kabisa kwa nyaraka hizi. Ukipakia cheti chenye namba ya mtihani, pengine pamoja na kitambulisho cha NIDA, umekiweka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua.

Nimebadili jina la faili kutoka .png kuwa .jpg na linafunguka vizuri. Je, nimeokoa muda au nimekosea? — Msomaji, Tabora

Umebadili jina, faili limebaki PNG. Linafunguka kwa sababu programu husoma baiti za mwanzo: JPEG huanza na FF D8 FF, PNG huanza na 89 50 4E 47. Mfumo unaokagua baiti hizo utalikataa. Fungua picha, chagua "Save As", kisha uchague JPEG. Na kwa wanaofanya kinyume chake wakitumaini kuirudishia picha ubora: JPEG iliyogeuzwa PNG inatunza kwa uaminifu kasoro zote za JPEG, na faili linakuwa kubwa zaidi.

Asalaam aleikum. Nina albamu za marehemu babu, picha za miaka ya 1950 na 1960, baadhi zimegeuka rangi ya udongo. Mjukuu wangu asema JPEG yatosha, fundi wa studio asema ni TIFF tu. Nimsikilize nani? Na niskani kwa dpi ngapi? — Msomaji, Mombasa

Waalaikum salaam. Msikilize fundi kwa nakala kuu, umsikilize mjukuu kwa nakala za kugawia jamaa.

Nakala kuu ni ile unayoiskani mara moja, ukaiweka, na usiihariri kamwe. Kila kitakachofuata, picha ya ukutani, ya simu, ya kitabu cha ukoo, kinatokana nayo. TIFF ilitolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1986 kwa ajili ya skana hasa, na toleo lake la sita la mwaka 1992 ndilo lililo msingi wa TIFF za leo. Umri huo ni sifa. Muundo ambao umesomwa na kila programu ya picha kwa zaidi ya miaka 30 ndio wa kumwachia kitukuu.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa dpi 600 kwa rangi inatoa pikseli milioni 8.4 hivi, na TIFF isiyobanwa ya MB 25. Picha 400 ni takriban GB 10, na flashi ya GB 32 inazimeza zote. Chagua mbano wa LZW au ZIP ndani ya TIFF. Haupotezi kitu na hupunguza ukubwa kiasi. Ila ukiskani kwa biti 16 kwa kila rangi, usitumie LZW, kwa sababu picha zenye chembechembe huweza kutoka zikiwa kubwa kuliko zisizobanwa.

Kuhusu dpi: 300 inatosha kuchapisha tena kwa ukubwa uleule, 600 inatosha kukuza mara mbili. Ukienda 1200 kwenye picha ya karatasi, kwa kawaida unakuza unyuzi wa karatasi, maana picha yenyewe haina zaidi ya hapo. Dpi za juu zina faida kwenye hasi, yaani filamu ya negativu. Hasi ya milimita 24 kwa 36 kwa dpi 4000 inatoa pikseli milioni 21, na kama hasi za babu bado zipo, hizo ndizo za kuskani kwanza, kwani karatasi ilipoteza baadhi ya vivuli tangu siku ilipochapishwa. Skana isiyo na taa kwenye kifuniko haiwezi kazi hiyo. Na ile njia ya kuondoa vumbi kwa mwanga wa infraredi izimwe kwa hasi za nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo kwenye filamu inauzuia mwanga huo, na programu huidhani picha yenyewe kuwa vumbi.

Hata picha isiyo na rangi, iskani kwa rangi kama imegeuka udongo au ina madoa. Doa la njano linaonekana sana kwenye mkondo wa bluu na kidogo sana kwenye mwekundu, hivyo mrekebishaji anaweza kulitoa baadaye. Ukiskani kijivu, doa na uso vimechanganywa na havitenganishiki tena.

Zima kila kinachoitwa marekebisho ya moja kwa moja: kuongeza ukali, kurudisha rangi, kuondoa mikwaruzo. Hayo yafanywe kwenye nakala. Kwenye nakala kuu ni uharibifu, kwa sababu programu ya mwaka huu inaamua kwa niaba ya programu bora zitakazokuja.

Skani na nyuma ya picha. Jina, tarehe au muhuri wa studio ni nusu ya thamani yake. Ipe mbele jina 0001a na nyuma 0001b ili zisitengane. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu, jambo la kawaida kwa unyevu wa Pwani, usiibandue. Ngozi ya picha itabaki kwenye kioo. Ipige kwa kamera ikiwa humohumo, taa zikiwa pembeni kwa nyuzi 45. Yenye ukungu usiifute kwa kitambaa cha maji, na itenge na wenzake.

Kama nafasi ya diski haipo kabisa, JPEG ya ubora wa 95 inaweza kuwa nakala kuu, kwa sharti moja: isihifadhiwe tena juu ya jina lake. Hata kuigeuza ili isimame wima kwenye baadhi ya programu ni kuibana upya.

Baba mdogo yuko Muscat. Amenitumia kwa WhatsApp picha za harusi ya wazazi wangu alizoskani. Nimechapisha moja kwa A4 imetoka na ukungu. — Msomaji, Unguja

WhatsApp hupunguza picha ya kawaida hadi kama pikseli 1600 kwa upande mrefu, kisha huibana upya. Upande mrefu wa A4 ni inchi 11.7, hivyo umechapisha kwa dpi 137 hivi, chini ya nusu ya inayotakiwa. Mwombe atume tena, safari hii abonyeze alama ya klipu na achague "Document" badala ya picha. Faili hufika baiti kwa baiti. Chaguo la HD ni afadhali lakini bado linabana. Kama picha ni nyingi, azifunge kwenye faili la ZIP.

Usijaribu kuziokoa kwa programu za kukuza picha kwa akili bandia. Zinachora uso unaofanana na wa mama yako, na anayemjua ataona kuwa siye.

Ni mweka hazina wa SACCOS. Tunaskani leja za mikopo na mashine ya fotokopi ya ofisi, imewekwa mbano mkubwa ili PDF ziwe ndogo. Nimesikia kuna mashine zinazobadilisha tarakimu. Ni kweli au ni uvumi? — Msomaji, Moshi

Ni kweli. Agosti 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha hadharani kwamba mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha namba kwenye nyaraka zilizoskaniwa. Kwenye ramani ya nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 na kingine cha 17.42 vyote vilitoka vimeandikwa 14.13, namba ya chumba cha jirani. Kwenye orodha za gharama 6 iligeuka 8. Xerox ilitoa marekebisho ya programu ya mashine hizo.

Chanzo kilikuwa mbano uitwao JBIG2. Unapopewa ruhusa ya kupoteza, hukusanya vipande vya picha vinavyofanana, hutunza kimoja tu, na kila penye kipande kinachokaribiana hubandika kilekile. Herufi zikiwa ndogo na dpi ikiwa ya chini, 6 na 8 zinatofautiana kwa pikseli chache, na mashine inaweza kuziona kitu kimoja. Ubaya wake ni kwamba hakuna ukungu wa kukushtua. JPEG ikiharibu namba, namba inavurugika na msomaji anasita. Hapa namba ya uongo inatoka safi, iliyonyooka, na mkaguzi ataiamini. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, iliukataza mbano huu katika mwongozo wake wa kuskani nyaraka ili kuchukua nafasi ya karatasi. Kwa daftari la mikopo ya watu tunasimama upande huohuo.

Kujua PDF zako zimebanwa vipi, andika:

pdfimages -list leja.pdf

Tazama safu ya "enc". Ukiona jpeg, ccitt au image, hatari hii haipo. Ukiona jbig2, si lazima kuwe na kosa, maana ipo pia JBIG2 isiyopoteza, lakini faili lenyewe halikwambii kwa urahisi ni ipi. Chukua kurasa kadhaa zenye tarakimu ndogo na uzilinganishe na karatasi, ukitazama hasa 6 na 8, 0 na 8, 1 na 7, na nukta za desimali.

Kisha badilisha mpangilio wa mashine. Leja iliyoandikwa kwa mkono: dpi 300, kijivu, JPEG ya ubora wa juu, kwa kuwa penseli na wino wa bluu uliofifia havistahimili nyeusi na nyeupe. Orodha zilizochapwa: dpi 300, nyeusi na nyeupe, Group 4. Kama menyu ya mashine haitaji aina ya mbano, chagua ubora wa juu kabisa wa faili na uzime kila chaguo la mbano mkubwa, kisha rudia ukaguzi wa pdfimages. Vitabu vya zamani msivichome moto hadi ukaguzi ukamilike.

Simu yangu ya iPhone inatoa picha za HEIC na kompyuta ya ofisi haizifungui. — Msomaji, Kigali

Apple ilianza kutumia HEIC kwenye iOS 11, mwaka 2017. Hutunza picha kwa takriban nusu ya ukubwa wa JPEG kwa ubora unaokaribiana, ila kompyuta nyingi za ofisini hazina cha kuisoma. Nenda "Settings", "Camera", "Formats", chagua "Most Compatible". Picha zijazo zitakuwa JPEG. Zilizopo zigeuze mara moja tu, kwa ubora wa 90 au zaidi, na HEIC za asili uzitunze.

Tuna hati za familia za kaswida na tenzi kwa herufi za Kiarabu, nyingine zimeliwa na wadudu. Tunataka kuziingiza kwenye kompyuta sisi wenyewe. Skana ipi na muundo gani? Tumeambiwa JPEG 2000 ndiyo ya maktaba kubwa. — Msomaji, Lamu

Msitumie skana ya kioo. Kufungua kitabu cha kushonwa hadi kilale bapa, kukigeuza na kukikandamiza huvunja mgongo, na karatasi iliyotobolewa na wadudu huacha vipande kwenye kioo. Tumieni kamera iliyofungwa juu ya meza ikitazama chini, kitabu kikiwa kimefunguliwa kiasi kinachokubali chenyewe, pande zake zikiwa zimeegemezwa kwenye vitambaa. Taa mbili pembeni, bila flashi.

Kamera ya pikseli milioni 24, yaani 6000 kwa 4000, inafikia dpi 400 kwa eneo la sentimita 38 kwa 25, na dpi 300 kwa 50 kwa 33. Kwa khati hizi msishuke chini ya 300, na kwenye mwandiko mdogo mlenge 400, kwa sababu mahali pa nukta moja ndipo panapotenganisha be na nun. Rangi ni lazima: waandishi wengi walitumia wino mwekundu kwa vichwa na vituo, na kwa kijivu wekundu uliofifia unafanana na doa. Kwenye picha ya kwanza ya kila kitabu wekeni rula na kadi ya rangi pembeni ya ukurasa.

Pigeni kwa RAW, yaani data ghafi ya kamera, kisha mgeuze kuwa TIFF ya biti 8. Kila ukurasa utakuwa MB 72, hivyo kitabu cha kurasa 300 ni kama GB 22. Nunueni diski mbili na mziweke nyumba tofauti. Hapo kwenu Lamu mna mfano wa karibu: hati za Msikiti wa Riyadha zimekwisha kuhifadhiwa kidijitali chini ya mpango wa Endangered Archives Programme wa British Library. Ni vyema kuonana na waliofanya kazi hiyo kabla ya kununua chochote.

JPEG 2000, muundo tofauti na JPEG ya kawaida, kweli hutumiwa na maktaba kubwa. Katika hali yake isiyopoteza hupunguza TIFF hadi karibu nusu. Lakini taasisi hizo zina programu na wataalamu wa kuifungua. Simu na vivinjari vingi haviifungui. Familia inahitaji faili ambalo mtu yeyote atalifungua hata kama aliyeliweka hayupo. TIFF kwa kutunza, JPEG ya upande mrefu wa pikseli 2500 kwa kusoma na kutumiana.

Nataka kuskani magazeti ya Kiswahili ya zamani na kompyuta isome maandishi niweze kuyatafuta. Matokeo yangu yana makosa mengi. — Msomaji, Nairobi

Programu ya Tesseract ina data ya Kiswahili. Kama haijaelezwa lugha inachukulia ni Kiingereza, na hiyo huenda ndiyo sababu ya kwanza ya makosa yako:

tesseract ukurasa.tif toleo -l swa pdf

Sababu ya pili ni faili lenyewe. Skani gazeti kwa dpi 400, kijivu, TIFF au PNG. JPEG iliyobanwa sana hutia nukta pembeni ya herufi, na mashine huzisoma kama alama za uandishi, au "rn" ikawa "m". Nyoosha ukurasa uliolala upande, na ukate safu za habari ziwe picha mbalimbali kama programu inasoma mstari kutoka safu moja hadi nyingine. Picha za magazeti huundwa kwa nukta za wino, na kwa dpi 200 au 300 hutoa mawimbi. Kama unazihitaji, ziskani kwa 600 kisha uzipunguze.

Nilihamisha skani zangu kwa flashi. Baadhi ya JPEG zinafunguka nusu, chini ni kijivu kitupu. — Msomaji, Bujumbura

Huenda flashi ilichomolewa au umeme ulikatika kabla ya kuandika kukamilika. JPEG husomwa kutoka juu kwenda chini, na baiti zikikosekana, kilichobaki hakichoreki. Kama mafaili ya asili yapo kwenye kompyuta ya kwanza, nakili upya na uiondoe flashi kwa "Eject". Kisha, kwenye Windows, hakikisha kwa kulinganisha pande zote mbili alama ya faili, yaani msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo:

certutil -hashfile picha.jpg SHA256

Herufi moja ikitofautiana, nakala si sawa. Kama ya asili hayapo tena, usiandike kitu kingine chochote kwenye flashi hiyo wala kwenye diski ulikoyafuta, na uipeleke kwa fundi wa kurejesha data ikiwa hivyohivyo.